Vidonge vya akili na chungu cha nyumbani



Kila mwaka, majuma machache kabla ya Mtihani wa Serikali, chupa ndogo za rangi huongezeka katika farmasi na katika vikapu vya wachuuzi. Juu yake pameandikwa maneno matamu: nguvu ya ubongo, kumbukumbu njema, akili nyepesi. Wazazi hutuuliza sisi walimu: «Je, tumnunulie mtoto chupa ipi?» Na wanafunzi wengine hawaulizi, huchanga falanga zao kwa siri, wakanunua, wakameza.

Swali hilo si la mchezo. Fedha ya chupa ndiyo fedha ya samaki, ya maharagwe, ya daftari na ya mafuta ya taa. Jamaa tajiri ikikosea itapoteza fedha tu. Jamaa maskini ikikosea mtoto atapunguziwa chakula. Kwa hiyo leo twataka kuzipima chupa hizo moja moja, kisha kuzilinganisha na vitu vichache ambavyo twaviona kila siku jikoni bila kuviheshimu.

Kwanza yafaa tujue ubongo unavyokula. Ubongo wa mtu mzima hauzidi sana sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili. Lakini mtu akiwa amepumzika, ubongo wake hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu yote ya mwili. Ni mfanyakazi mdogo mwenye njaa kubwa. Tena wahitaji vitu vingine kwa kiasi kidogo mno: iodi, chuma, vitamini za namna mbalimbali, na mafuta yanayopatikana katika samaki. Kimoja kikikosekana, kazi huharibika.

Methali yasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba kikiisha kujaa, unga unaoongezwa humwagika chini. Basi mbele ya kila kidonge yatupasa kuuliza neno moja tu: Kinaondoa upungufu gani, na je, mtu huyu anao upungufu huo? Tukishika swali hilo hatutadanganyika kwa urahisi.

Mtu atatujibu: «Mtoto wa jirani alimeza vidonge, naye akafaulu.» Hatubishi. Lakini mtoto yule alisoma pia, alikwenda darasani, labda mama yake alimpunguzia kazi za nyumbani. Ni kipi kilichomsaidia? Ili kuijua kweli, wataalamu huwagawa watu kwa kura makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa. La pili hupewa vidonge vya sura ile ile visivyo na dawa ndani. Wala anayemeza hajui amepata vipi. Baada ya miezi au miaka wote hupimwa. Hiyo ndiyo mizani ya haki, nayo tutaitumia.

Tuanze na ginkgo, majani ya mti wenye asili ya Uchina, ambayo husifiwa sana kwa kutunza kumbukumbu. Katika Marekani wazee 3,069, wenye umri wa miaka 75 na zaidi, waligawanywa kwa namna tuliyoeleza. Kundi la kwanza lilipewa miligramu 120 za ginkgo mara mbili kila siku, kwa muda wa miaka 6 hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: waliopatwa na ugonjwa wa kusahau upande wa ginkgo walikuwa 277, na upande wa pili 246. Ginkgo haikuwakinga. Huko Ufaransa nako walijaribu kwa wazee 2,854 muda wa miaka 5, na mwaka 2012 walitangaza ya kuwa hawakuona kinga yo yote. Tena yafaa kukumbuka kwamba ginkgo yaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Pili ni mafuta ya samaki, yaani omega 3. Hapa lazima tuseme kwa uangalifu, maana mafuta haya ni sehemu ya ubongo wenyewe. Lakini je, vidonge vyake humfanya mtoto asome vizuri zaidi? Wataalamu wa Oxford, Uingereza, waliwapa watoto 362, wenye umri wa miaka 7 mpaka 9, mafuta haya au vidonge vitupu kwa majuma 16. Mwaka 2012 walitangaza ya kuwa watoto wote pamoja hawakuonyesha tofauti, bali wale waliokuwa nyuma kabisa katika kusoma walionekana kupata nafuu kidogo. Habari hiyo ilienea upesi. Lakini wataalamu wenyewe hawakuridhika. Walirudia kazi kwa watoto wengine 376 waliokuwa nyuma katika kusoma, na mwaka 2018 wakasema wazi: nafuu ile haikuonekana tena. Twawasifu, maana si kila mtu hurudi kupima neno lililompatia sifa.

Tatu ni vidonge vyenye vitamini nyingi pamoja. Katika Marekani waganga wanaume karibu 6,000, wenye umri wa miaka 65 na zaidi, walifuatwa kwa miaka 12. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vidonge hivyo havikulinda kumbukumbu yao. Uchunguzi mwingine wa watu 2,262, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha faida ndogo kwa wazee waliovimeza miaka 3. Basi haki itendeke: kwa wazee mlango haujafungwa. Lakini faida ndogo ya mzee wa Marekani si ahadi ya kufaulu mtihani kwa kijana wa miaka 18. Tena vitamini nazo zina mpaka. Mtu akimeza vitamini B6 nyingi mno kwa muda mrefu aweza kuharibu mishipa ya fahamu, akaanza kufa ganzi mikononi na miguuni.

Ndiyo maana Shirika la Afya Ulimwenguni, ambalo twaliita OMS, mwaka 2019 lilitoa shauri kwamba vitamini B na E, mafuta ya omega 3 na vidonge vya mchanganyiko visipendekezwe kuwa kinga ya ugonjwa wa kusahau.

Wengine watashangaa: «Kama mambo ni hivyo, chupa hizi zaruhusiwaje kuuzwa?» Jibu ni rahisi. Nyingi katika nchi nyingi huhesabiwa katika jamii ya vyakula, si katika jamii ya dawa. Kwa mfano, sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimishi mwenye kutengeneza virutubisho hivi kuonyesha kwanza ya kuwa vinafaa. Aweza kuviuza bila ushahidi ambao dawa ya kweli hudaiwa. Basi maneno «husaidia kumbukumbu» yaliyo juu ya chupa ni maneno ya mwuzaji, si hukumu ya mganga.

Sasa tuvigeukie vitu ambavyo vimepimwa na kuonekana vyafaa. Hivi havina picha ya ubongo unaong'aa, na bei yake ni ndogo.

Cha kwanza ni iodi. Tezi iliyo mbele ya shingo huitumia kutengeneza maji fulani ya mwili ambayo huamuru ubongo wa mtoto ukue, tangu akiwa bado tumboni. Mama akikosa iodi sana, mtoto aweza kuzaliwa akiwa bubu, kiziwi, mfupi na mzito wa akili, na hasara hiyo haitengenezwi baadaye. Upungufu mdogo nao hupunguza akili ya watoto wa nchi nzima pasipo mtu kutambua. Wazee wetu wa Kivu wanayajua mambo haya. Katika kisiwa cha Idjwi, kati ya ziwa Kivu, watafiti Wabelgiji, mmoja wao daktari François Delange, walifanya kazi kwa miaka mingi tangu miaka ya 1960. Upande wa kaskazini waliwakuta watu wengi mno wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, na watoto waliodumaa akili. Upande wa kusini-magharibi rovu lilikuwa kwa wachache tu. Kwa nini? Tutarudi kwa swali hilo.

Mtu mzima anahitaji iodi mikrogramu 150 tu kila siku, na mama mjamzito 250. Kiasi cha maisha yote hakijazi kijiko kimoja cha chai. Nchi ya Uswisi, ambayo milima yake ilikuwa na watu wengi wenye rovu, ilianza kutia iodi katika chumvi mwaka 1922, na ugonjwa ule ukapungua mpaka karibu kusahauliwa. Katika nchi yetu kazi ya kuhimiza chumvi yenye iodi ilipata nguvu katika miaka ya 1990. Hebu tuhesabu: kama kila kilo ya chumvi ina miligramu 30 za iodi, basi gramu 5 za chumvi zampa mtu mikrogramu 150 zile zile. Wala si lazima kula chumvi nyingi; nyingi hupandisha damu. Lakini akina mama watutegee sikio: iodi hupotea chumvi ikiachwa wazi, juani au penye unyevu. Nunueni chumvi iliyoandikwa kwamba ina iodi, iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na mvuke wa jiko, na itieni chunguni chakula kikiwa karibu kuiva.

Cha pili ni asidi foliki, vitamini iliyomo katika majani mabichi na maharagwe. Mfereji ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika kabla ya siku ya 28 ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua bado kwamba ni wajawazito. Mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya mfereji huo, akimeza asidi foliki kabla ya mimba nyingine, hupunguza hatari kwa sehemu 72 katika 100. Kidonge hiki basi kimeshinda mizani. Kiasi cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku kabla ya mimba na mpaka juma la 12. Mama aliyekwisha kupata shida hiyo huandikiwa kiasi kikubwa zaidi na mganga. Mabinti wanaokaribia kuolewa waulize habari hii mapema, wasingoje tumbo kuonekana.

Cha tatu ni chuma. Mtoto asiye na damu ya kutosha husinzia darasani, nasi walimu humwita mvivu. Lakini hapa twaonya kwa nguvu: msimpe mtoto vidonge vya chuma kwa kukisia. Katika kisiwa cha Pemba, nchi ya Tanzania, ambako malaria ilikuwa kali, watoto wadogo walipewa chuma na asidi foliki bila kuchaguliwa. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba waliovimeza walilazwa na kufa kwa wingi kuliko wenzao, na jaribio lilisimamishwa. Walionufaika walikuwa wale waliopimwa wakaonekana kweli wana upungufu. Basi, mtoto mwenye viganja vyeupe apelekwe zahanati apimwe damu, malaria na minyoo ya safura. Nyumbani apewe maharagwe, sombe na samaki, na pera au chungwa pamoja na chakula, maana matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai nayo ingoje baadaye, maana hukizuia.

Cha nne ni vitamini B12, iliyo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mzee anayesahau, tena miguu inakufa ganzi, aweza kuwa anaikosa. Asiambiwe haraka kwamba ni uzee au kwamba amelogwa. Apelekwe kwa mganga, maana upungufu huu hutibika, hasa ukigunduliwa mapema.

Turudi sasa kwa swali la Idjwi. Watafiti waliona kwamba iodi ilikuwa haba pande zote mbili za kisiwa. Basi tofauti haikutoka kwa iodi peke yake. Walipochungua chakula waliukuta muhogo. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Mwili hujitahidi kuivunja nguvu, lakini kile kinachobaki huzuia iodi kuingia katika tezi ya shingo. Hivyo muhogo usiotengenezwa vizuri humnyang'anya mtu hata ile iodi kidogo aliyo nayo.

Sumu hiyo ina madhara mengine. Mwaka 1938 daktari Mwitalia, Giovanni Trolli, aliandika habari za ugonjwa wa Kwango uitwao konzo. Neno ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtoto au mama aliyelala mzima huamka miguu yote miwili imekakamaa, na haiponi tena. Huwapata wale ambao siku nyingi wamekula muhogo mchungu uliotengenezwa haraka, bila maharagwe wala samaki wa kuusindikiza. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya watoto wa Kahemba: walio na konzo walikuwa wamepungua katika vipimo vya akili, na hata ndugu wa nyumba zile zile ambao miguu yao ilikuwa mizima walionyesha upungufu fulani. Kumbe akili ya mtoto yaweza kuibiwa bukarini, naye anatembea na kucheza.

Dawa yake haiuzwi katika chupa. Muhogo mchungu ulowekwe majini siku 3 au 4, kisha ukaushwe vema juani. Sombe nayo itwangwe na kuchemshwa sana. Na kama unga una shaka, ipo njia iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury. Tieni unga katika bakuli, wekeni alama mahali ulipofika. Ongezeni maji na kukoroga mpaka unga uliolowa ufike tena kwenye alama ile. Kisha tandazeni juu ya mkeka, unene usizidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hugeuka hewa ikaenda zake, na siku hiyo hiyo unga hupikwa. Akina mama wa Popokabaka walifundishwa njia hii mwaka 2010, na katika muda wa kazi ile hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo.

Sasa tuweke hesabu pande mbili. Upande mmoja ginkgo, ambayo haikuwakinga wazee. Omega 3 ya vidonge, ambayo haikuwaongezea watoto elimu. Vitamini za mchanganyiko, zenye faida ndogo kwa wazee wengine. Upande wa pili chumvi yenye iodi, asidi foliki kabla ya mimba, chuma kwa aliyepimwa, B12 kwa aliyeikosa, na muhogo ulioondolewa sumu. Za upande wa kwanza huongeza unga juu ya kibaba kilichojaa. Za upande wa pili hujaza kibaba kitupu.

Wewe mwanafunzi utauliza: «Na mimi, mtihani uko karibu, nifanye nini?» Twakuambia wazi. Usiku ubongo hupanga na kuimarisha yale uliyosoma mchana. Anayekesha siku nyingi mfululizo hutoboa gunia lake mwenyewe. Lala usiku, tena ndani ya chandarua, maana homa ya malaria siku ya mtihani hufuta kazi ya miezi. Asubuhi usiende na tumbo tupu. Uji wenye karanga wafaa. Kama mafuta ya samaki unayataka, sambaza na ndagala wa maziwa yetu wanayo, tena wana chuma, B12 na nyama ya kujenga mwili, mambo ambayo kidonge cha mafuta hakina. Rudia masomo kidogo kidogo kila siku, ukifunga daftari na kujiuliza mwenyewe.

Nawe mzazi, ukipewa chupa na mchuuzi, mwulize lile swali letu: «Inaondoa upungufu gani?» Akishindwa kujibu, rudisha falanga mfukoni, upite penye samaki na maharagwe. Na kabla ya kufika nyumbani, itazame karatasi ya chumvi uliyonunua, kama imeandikwa iodi.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutasema habari za macho ya wanafunzi na taa za kusomea.